Kuufuata Mto Ruzizi, Toka Bukavu Hata Mafunjo ya Uvira

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, zaidi Uskoti, yuko samaki mkubwa aitwaye samoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini na kukua huko, kisha hurudi katika mto ule ule kutaga mayai, akipanda maporomoko kwa kuruka. Wavuvi wa huko humngoja kwa fimbo ndefu na ugwe mwembamba, na ndoana yao wameivika manyoya ya ndege ili ifanane na nzi. Jambo la ajabu ni kwamba samoni akiisha kuingia mtoni hali chakula tena. Huiuma ile nzi ya manyoya bila kuwa na njaa. Basi mvuvi hawezi kumtega kwa tumbo lake. Yampasa kuujua mto wenyewe: mahali maji yatuliapo na kuwa na kina, mahali yapitapo mbio juu ya mawe, mahali yazungukapo nyuma ya jabali. Kila kipande cha mto kina saa yake na namna yake ya kuvuliwa. Tena sheria ya Uskoti yakataza kumvua samoni siku ya Jumapili, jambo ambalo wasomaji wetu hawatalichukia.

Hapa Kivu samoni hayupo, wala maji yetu hayana baridi ya kumfaa. Lakini mto wenye vipande vya namna nyingi tunao, nao wapita mlangoni petu: ni Ruzizi. Watu wa Bukavu huuvuka kila siku kwenda Rwanda na kurudi, wenye vikapu na mizigo kichwani, na wengi hawajauliza waenda wapi. Sisi tuliufuata toka utokapo ziwani mpaka uingiapo Tanganyika, mwendo wa mto wa kilometa 117 hivi, tukitaka kuona jinsi watu wavuavyo katika kila sehemu. Tulisafiri kabla vita havijaingia Bukavu mwezi wa Februari 2025. Tuliyoyaona tunayaeleza kama tulivyoyaona.

Yafaa kuanza ziwani, kwa kuwa ziwa ndilo mama wa mto. Mji wa Bukavu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Jua linapotua wavuvi hutoka. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, iwe chombo kimoja, na wavu mpana huning'inizwa kati yake. Wapiga makasia huimba, mmoja akianza na wenzake wakiitikia, na sauti zao hupanda mpaka kwenye nyumba za juu, ambako watoto hujua kwa sauti hizo kwamba ni wakati wa kufunga madaftari. Zamani walichukua taa za karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri. Giza likiisha kuwa zito, taa huwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika chini ya mwanga, na wavu huinuliwa polepole. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi hupungua, kwa maana samaki hawana haja ya taa ya mwanadamu wakati ile ya Mungu inapowaka. Usiku wa Jumamosi pia hutoka, na tumewaona wengine wakija Misa ya kwanza moja kwa moja kutoka majini, wakinukia kazi yao. Mtume Petro angewatambua upesi.

Samaki wanayemtafuta ni sambaza. Wanafunzi hudhani kwamba sambaza alikuwa humu tangu siku za Nuhu. Kumbe ni mgeni, na wazee wengi wa Bukavu wamezaliwa kabla yake. Ziwa Kivu lina uhaba wa samaki. Aina zake ni thelathini hivi, hali Tanganyika ina mamia. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kina: ziwa lashuka hata mita 485, lakini chini ya mita 60 hivi maji hayana tena hewa ya kuwafaa samaki. Huko chini kumelala gesi, kilometa za ujazo 300 hivi za gesi ya kaboni na 60 hivi za methani. Samaki wote huishi katika tabaka la juu, kama watu wa nyumba ya ghorofa ambao vyumba vyao vya chini vimejaa moshi.

Sababu ya pili ni umri wa njia ya maji. Hapo kale maji ya nchi hizi yalikwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edward. Volkeno za Virunga zilipotapika moto na mawe, zikaijenga boma katika njia hiyo. Maji yakajaa, yakapanda bonde kwa bonde, hata yalipopata mwanya upande wa kusini, yapata miaka 10,000 iliyopita, yakamwagika kuelekea Tanganyika. Kwa hiyo Ruzizi ni mto kijana, na kama vijana wengi una haraka na kelele. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kuupanda, kwa sababu ya maporomoko tutakayoyaeleza.

Basi mwaka 1958 na miaka miwili iliyofuata, Mbelgiji mmoja, Collart, aliwachukua samaki wachanga wa Tanganyika akawamwaga katika Kivu. Kusudi lake hasa lilikuwa kumleta ndagala, yule dagaa mwembamba ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Pamoja na ndagala akaja jamaa yake, Limnothrissa miodon, ambaye wavuvi wa Tanganyika humwita lumbu. Ndagala alikufa. Lumbu akaishi, akazaa, akaenea ziwa zima, akapewa jina jipya la sambaza. Hata hivyo uvuvi wake kwa taa haukusitawi ila mwishoni mwa miaka ya 1970.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1986 mtaalamu Dumont wa Ubelgiji aliandika akiuliza kama jambo hili si msiba mwingine kwa maji ya Afrika, kwa kuwa sambaza hula wadudu wadogo sana waeleao majini, na mmoja wao, Daphnia, alikuwa ametoweka katika Kivu. Mtaalamu ana haki ya kuuliza. Lakini mama wa Kadutu mwenye watoto sita na fedha ya kununua sahani moja tu ya sambaza, naye ana jibu lake, na sisi twaona jibu hilo lina uzito.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni nyavu. Sambaza hutaga karibu na pwani, na watoto wake hukua katika ghuba zisizo na kina. Ndimo humo tulimowaona watu wakivuta nyavu za matundu madogo mno, hata vyandarua vilivyotolewa kwa ajili ya mbu wa malaria. Chandarua kikipita, hakibaki kitu: samaki wa urefu wa ukucha huanikwa juani kwa maelfu. Tulipowauliza wenye kuvuta, walitujibu kwamba watoto wao wana njaa leo, si mwaka kesho. Hilo si jibu la mtu mwovu, nalo ndilo lifanyalo shauri kuwa gumu. Walakini samaki aliyekuliwa kabla hajazaa ni deni analolipa jirani, yule mvuvi wa mitumbwi mitatu aliyekesha usiku kucha akarudi na kikapu kitupu.

Sasa tuingie mtoni. Ruzizi watoka ziwani kwa upole, kati ya Bukavu na upande wa Rwanda, kwa mita 1,460 juu ya bahari. Mkataba wa mwaka 1910 uliufanya kuwa mpaka wa wakoloni, Wabelgiji na Wadachi, na mpaka umebaki. Daraja lake lina kumbukumbu nzito. Mwezi wa Julai 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walilivuka, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewatetea watu wote bila kuuliza kabila, aliuawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Watoto wenye vijiti na ndoana, wakaao ukingoni na kopo la minyoo, walizaliwa muda mrefu baada ya mambo hayo. Uvuvi wao ni wa mchezo na wa kitoweo pamoja. Wajua mahali ambapo maji yaliyotulia hugusana na maji yaendayo mbio, na ndipo wanapotupa ugwe. Hakuna aliyewafundisha, na mvuvi yeyote wa Uskoti angechagua mahali pale pale.

Kilometa chache chini yake kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapo mto husimama kidogo kabla ya kuanguka. Na hapo ndipo tulipoona mambo ya kusikitisha. Bukavu ni mji wa miteremko. Mvua ikinyesha, kila kilichotupwa Kadutu na vilima vingine hushuka kwa vijito na mifereji mpaka ziwani: chupa za plastiki, mifuko, makopo, viatu. Upepo na mkondo huvileta vyote kwenye mlango wa mto, na mto huvipeleka bwawani. Huko hurundikana, juu ya maji na chini yake, hata wazamiaji hulazimika kushuka kuvitoa kwa mikono. Mwezi wa Januari 2022 mtambo mmoja uliharibika na kusimama kwa sababu ya takataka hizo, na watu wakakaa gizani. Mtu alitupa chupa Jumatatu, na Ijumaa mwanawe hana taa ya kusomea. Wala hatambui kwamba mambo haya mawili ni moja. Mvuvi hutambua, kwa kuwa chupa ile ile hupasua wavu wake.

Baada ya bwawa mto wabadilika tabia kabisa. Katika kilometa 40 hivi za kwanza, hata Kamanyola, washuka karibu mita 500, ndani ya korongo jembamba lenye kuta za mawe. Katika sehemu hii limejengwa pia bwawa la Ruzizi II, lililoanza mwaka 1989, mali ya nchi tatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Na la tatu limekusudiwa chini yake. Hakuna njia ya kufuata ukingo. Barabara ya upande wetu yapita Nyangezi, misioni ya zamani ya Mapadre Weupe iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha yateremka kwa kona za Ngomo, ambazo madereva huzitaja kwa sauti ya chini. Wasafiri wengi huchagua kuvuka mpaka na kupita Bugarama, kwenye lami ya Rwanda. Sisi tulipita Ngomo. Kutoka juu yake mto waonekana kama uzi mweupe, na sauti yake huja na kupotea kadiri ya upepo.

Katika korongo hilo wavuvi ni wachache sana. Maji hayatulii mahali mtu awezapo kusimama, na anayeteleza haokolewi. Lakini ndiyo sehemu tuliyoiwaza zaidi, maana ndilo boma lililozitenga dunia mbili za samaki. Samoni wa Ulaya huruka poromoko refu kuliko mtu. Maporomoko ya Ruzizi, moja juu ya jingine, hayana samaki wa kuyaruka yote. Ndiyo sababu mukeke na sangala wa Tanganyika hawakufika Bukavu peke yao. Ndiyo sababu pia Kivu haina mamba wala kiboko, na watoto wetu waweza kuoga pwani wakiogopa kina tu.

Yuko hata hivyo samaki mmoja wa humu mwenye tabia ya kukumbusha samoni. Ni Labeobarbus altianalis, samaki mwenye magamba makubwa na ndevu fupi kando ya kinywa, akaaye katika Kivu na katika Ruzizi. Mvua kubwa zikianza na vijito vikijaa maji mekundu, huyo huacha maji makubwa, akapanda vijito kwenda kutaga penye changarawe. Watu wavuao kwa mitego hupenda majira hayo, kwa sababu samaki huja wenyewe, tena wamejaa mayai. Huko Uskoti miezi ya kutaga imefungwa kwa sheria, na mwenye kumvua samoni wakati huo hutozwa faini. Kwetu sheria za uvuvi zipo katika vitabu, lakini kijito hakina askari.

Tulipofika Kamanyola tulivua makoti. Ukitoka baridi ya Bukavu, uwanda wa Ruzizi hukupokea kama tanuri. Mvua ni kidogo, majani ni makavu, na pande zote mbili milima imesimama kama kuta za kanisa lisilo na dari. Jina la Kamanyola wazee wanalikumbuka kwa sababu nyingine: mwezi wa Juni 1964 jeshi la Mobutu lilipigana hapo na waasi, na baadaye, alipokuwa Rais, jina hilo lilipewa kikosi cha askari na hata uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa, uliobadilishwa jina mwaka 1997.

Hapa mto umechoka kukimbia. Wajikunja huku na huku katika udongo laini, wakata ukingo mmoja na kuujenga mwingine, na maji yake, yaliyokuwa safi utokapo ziwani, sasa ni mazito kwa matope ya vijito vya milimani. Rwanda huachwa penye kijito cha Ruhwa, na tangu hapo ng'ambo ni Burundi. Kambale ndiye mfalme wa sehemu hii. Mungu amempa kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji, hata aweza kuishi katika tope ambamo samaki wengine hufa, na mafuriko yakija huingia katika mashamba ya mpunga kama mwenye shamba.

Karibu na Luvungi tulimkuta mzee mmoja akitengeneza kamba ya ndoana nyingi, zipatazo mia moja. Tulimwamkia, "Jambo, baba." Akajibu, "Jambo, wanangu, karibuni kivulini." Alitueleza kwamba kamba hiyo huilaza mtoni jioni na kuitoa alfajiri, yenye chambo cha minyoo au vipande vya samaki, wavu hapendi kuutumia katika mkondo, kwa sababu magogo yaletwayo na mafuriko humaliza fedha yote ya mwaka kwa usiku mmoja. Tukamwuliza kama haogopi mamba. Akasema mamba hujificha kwa kuwa ni mwizi, lakini kiboko ni mwenye nyumba, naye mwenye nyumba haombi ruhusa ya kukufukuza. Kisha alitueleza taabu nyingine, nayo haikai majini. Samaki hajui mpaka, lakini mtumbwi wajua. Mkondo ukimsukuma mvuvi mpaka ukingo wa ng'ambo, yaweza kumgharimu nyavu, au mtumbwi, au siku kadhaa za kufungwa, na pande zote mbili zafanana kwa hilo. Majina ya waliompata na taabu hiyo aliyataja kwa vidole, hatuyaandiki.

Baada ya Sange na Kiliba hewa yaanza kunukia ziwa. Ruzizi sasa hugawanyika mikono miwili, mkubwa na mdogo, na kuingia Tanganyika kati ya matete na mafunjo, kwa mita 770 hivi juu ya bahari. Upande wa Burundi sehemu hii ililindwa tangu mwaka 1980 kwa ajili ya wanyama. Hapo ndipo alipoishi yule mamba mkubwa mno aliyepewa jina la Gustave, aliyehesabiwa vifo vya watu wengi. Huenda mengine aliyafanya mamba asiye na jina, lakini wavuvi wa huko hawacheki mtu akimtaja.

Mahali hapa pana habari yake katika vitabu vya Wazungu. Waliotafuta chemchemi ya Nili walitaka sana kujua kama Ruzizi watoka Tanganyika au waingia. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto waingia, hawakuuona. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi, wakatazama, wakakuta kwamba maji yaingia kweli. Ilichukua miaka 13 kuthibitisha neno ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angelisema bure.

Kwa mvuvi, mafunjo hayo ni chumba cha kulelea watoto. Samaki wengi hutaga ndani yake, na wachanga hujificha humo mpaka wapate nguvu. Mwenye kukata mafunjo kwa shamba, au kuvuta chandarua kati yake, afanya yale yale tuliyoyaona katika ghuba za Bukavu. Miaka ya karibuni ziwa lenyewe limeingilia shauri hilo: mwaka 2021, na tena 2024, Tanganyika ilipanda sana, ikameza nyumba na vichochoro vya pwani. Mwezi wa Aprili 2020 mji wa Uvira ulikuwa umekwisha kupigwa na mafuriko ya mto Mulongwe, yaliyoua watu wengi. Tulionyeshwa kuta zilizosimama majini, na ngazi ambazo samaki wadogo walikuwa wakila ukungu juu yake.

Usiku, mbele ya Uvira, taa huwaka tena juu ya maji kama kwetu, nazo zamvuta ndagala. Asubuhi wanawake humwanika juu ya mchanga, wakimgeuza kwa mikono na kufukuza kunguru. Akikauka hutiwa katika magunia na, njia ikiwa wazi, hupakiwa katika magari yapandayo kwa Ngomo au kwa Bugarama. Kesho yake yuko Kadutu. Huyo ndiye ndagala ambaye Collart alimtaka aishi katika Kivu akashindwa. Huuzwa mezani kando ya sambaza, jamaa yake aliyeweza, na akina mama hubishana na wauzaji ni yupi mtamu zaidi kwa ugali wa muhogo.